Jina, picha na lafudhi: dhana potofu kuhusu utapeli wa mitandaoni mkoani Kigoma

Dagaa, migebuka na mawese vya Kigoma siku hizi hupata mnunuzi WhatsApp, Facebook na Instagram kabla hata ya kufika sokoni. Mteja yuko Dodoma au Dar es Salaam, mzigo uko mwaloni Kibirizi, hela inapita kwenye simu, na katikati ya njia hiyo matapeli wameweka kambi. Wengi wanaoibiwa si wazembe. Walikagua kabla ya kutuma, ila walikagua vitu ambavyo tapeli anaweza kuvitengeneza. Dhana zifuatazo zinasikika sana kuanzia Ujiji na Mwanga hadi Kasulu na Kibondo.

"Ukurasa una wafuasi wengi na picha za dagaa wenyewe, kwa hiyo muuzaji yupo"

Picha huibwa kwenye kurasa za wafanyabiashara wa kweli. Wafuasi hununuliwa. Mara nyingine ukurasa mzima hununuliwa: jana ulikuwa wa vichekesho au mpira, leo umebadilishwa jina na kuwa duka la dagaa lenye wafuasi maelfu. Kwenye Facebook, ingia sehemu ya Kuhusu, kisha tafuta taarifa za uwazi wa ukurasa. Utaona ulifunguliwa lini, umewahi kuitwa nani, na mara nyingi wanaousimamia wako nchi gani. Instagram nayo ina sehemu ya "kuhusu akaunti hii" ukibonyeza jina la akaunti, ingawa akaunti ndogo ndogo haziionyeshi. Alama ya bluu ya uthibitisho hukaa pembeni ya jina. Ukiiona ndani ya picha ya wasifu, mtu kaichora.

Hata hivyo kipimo kinachofaa zaidi ni mzigo wenyewe. Mwombe muuzaji apige simu ya video akiwa na gunia mbele yake, aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi na kuiweka juu ya dagaa. Aliye na mzigo atafanya hivyo kwa dakika mbili. Asiye nao atasema kamera imeharibika, au atakutumia video aliyoirekodi mtu mwingine.

Usilipe yote kwa mkupuo. Lipa sehemu ndogo ya kuanzia, na inayobaki itoke mzigo ukishapokelewa kwenye ofisi ya basi na risiti ikishakatwa. Kisha piga ofisi hiyo kwa namba uliyoitafuta wewe. Namba iliyoandikwa kwenye picha ya risiti uliyotumiwa haifai, kwa sababu risiti feki huwa na namba ya mwenzake tapeli, naye atapokea na kukujibu kwa adabu zote. Kama una ndugu Kigoma mjini, mwombe apite auone mzigo kwa macho yake.

Bei nayo inasema. Uliza wauzaji wawili au watatu kabla ya kukubali. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Katika kipindi cha namna hiyo, anayekutangazia dagaa "wa jana usiku" kwa bei ya chini kuliko kawaida anauza maneno. Na ukishalipa, ukaanza kudaiwa ushuru, mara kibali, mara hela ya kupakia, simama hapohapo. Kila ada mpya inakupima kama bado utatoa.

"Meseji ya malipo imeingia, basi hela imeingia"

Dhana hii inawaumiza wauzaji na mawakala. Meseji ni maandishi tu, na mtu yeyote anaweza kuyaandika kwa mpangilio uleule wa kampuni ya simu: kiasi, jina, kumbukumbu namba ya muamala, hata salio. Angalia imetoka wapi. Ya kweli huingia kwenye mfululizo uleule wa meseji zako za zamani za huduma hiyo. Ya uongo mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida inayoanza na 06 au 07. Soma pia salio lililoandikwa. Tapeli hajui ulikuwa na shilingi ngapi, kwa hiyo hesabu yake haijumliki na ya kwako.

Lakini usiishie kwenye kusoma, kwa sababu wapo wanaoweza kuigiza hata jina la mtumaji. Ingia kwenye menyu uangalie salio: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Mzigo usitoke kabla ya hapo, hata kama bodaboda anapiga honi mlangoni.

Mara nyingi meseji ya uongo hufuatwa na simu: "Samahani mama, nimekosea namba, hiyo laki moja na nusu ni ya hospitali, nirudishie." Usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige kwa mtandao wake muamala urudishwe na wao. Kama salio halijaongezeka, huna cha kurudisha. Kama kweli limeongezeka, ukamtumia mwenyewe na yeye akaomba kampuni irudishe ule wa kwanza, utakuwa umelipa mara mbili.

"Anaongea Kiha na anawajua ndugu zangu wote"

Salamu ya "mwakeye" haithibitishi kitu. Tapeli anaweza kuwa mwenyeji, na anaweza kuwa amesoma kundi lenu la familia kwa wiki nzima. Hufika humo kwa kupora akaunti ya WhatsApp ya mmoja wenu. Anaanza kusajili namba ya huyo ndugu kwenye simu yake, WhatsApp inatuma kwa meseji namba ya tarakimu sita, kisha ndugu anapokea ombi: "Nimekutumia namba kwa bahati mbaya, naomba unisomee." Akishaisoma, akaunti imeondoka. Kuanzia hapo tapeli anajua nani anaumwa, nani ana harusi, nani huwa mwepesi kuchanga, na anamwandikia shangazi kwa akaunti ya mpwa wake mwenyewe: "Shangazi shikamoo, nimekwama, tuma kwenye namba hii, jina litatoka la rafiki yangu."

Hilo jina la rafiki ndilo la kushikilia. Mtu wako ana namba yake, na jina lake unalijua. Mpigie kwa simu ya kawaida kwenye namba yake ya siku zote, kwani WhatsApp yake iko mikononi mwa mwingine. Sauti iliyorekodiwa haitoshi, sasa zipo programu zinazoiga sauti ya mtu. Asipopatikana, muulize aliye naye karibu. Tapeli atasisitiza haraka kwa sababu anajua simu moja tu inamuumbua.

Kinga inachukua muda mfupi. Fungua mipangilio ya WhatsApp, nenda Akaunti, chagua uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba ya siri ya tarakimu sita na barua pepe. Fungua pia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na uondoe kompyuta au simu usiyoitambua. Akaunti ikiwa imeshaporwa, ingia upya kwa namba yako na uombe namba ya meseji. Ukiiweka, aliyeipora anatolewa. Kama alishaweka namba yake ya siri ya hatua mbili, utasubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo namba, lakini naye atakuwa ametolewa tayari.

"Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo atakamatwa tu"

Laini imesajiliwa, ndiyo, ila pengine kwa kidole cha bibi wa kijijini asiyejua lolote. Msajili wa mtaani asiye mwaminifu anamwambia mteja "haijashika, weka tena", na kidole cha pili kinasajili laini nyingine. Piga *106# ufuate maelekezo uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Fanya hivyo kwa kila mtandao unaoutumia. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni hiyo na kitambulisho uifute, maana uhalifu ukifanyika, jina litakalotoka ni lako.

"Wanataka ada ndogo tu ya fomu"

Kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zimefanya majina ya mashirika ya misaada yazoeleke mkoani, na matapeli wanayatumia kutangaza kazi. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira, iwe fomu, usaili au mafunzo. Ajira za Serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira huombwa kwenye portal.ajira.go.tz, nako hakuna kulipia nafasi.

Mikopo ndiyo ileile. Mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hauna riba na unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Hauombwi kwa kutoa maoni chini ya picha ya kiongozi. Kuhusu programu za mikopo ya simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kabla ya kupakua, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Programu inayotaka kusoma majina yote ya simu yako inayataka ili iwapigie watu wako siku utakapochelewa kulipa.

"Jirani yangu alilipwa kweli"

Huu ni mchezo wa upatu: alilipwa, kwa hela ya walioingia baada yake. DECI, upatu ulioanguka mwaka 2009, iliwalipa wa mwanzo vizuri tu, na hao ndio waliowaleta wengine. Fanya hesabu: kila mtu alete watano. Ngazi ya kwanza ni watu 5, ya pili 25, ya tatu 125. Ukijumlisha mpaka ya tisa unapata watu 2,441,405. Mkoa mzima wa Kigoma, watoto wachanga wakiwemo, ulikuwa na watu 2,470,967 katika sensa ya 2022. Ngazi ya kumi haina wa kuijaza, na hao wa mwisho, ambao ni wengi kuliko wote waliotangulia, hawapati kitu. Haijalishi kama kazi inaitwa kutazama video, kubonyeza kupenda au kuwekeza sarafu za kidijitali.

"Ikishatoka haina maana kuripoti"

Dakika za mwanzo zina maana kubwa, kwa sababu hela inaweza kuzuiwa ikiwa bado haijatolewa kwa wakala. Piga 100 hapohapo ukiwa na kumbukumbu namba ya muamala, namba uliyoitumia hela na muda. (Namba hiyohiyo ya 100 ndiyo kampuni za simu humpigia mteja, anayekupigia kwa namba nyingine na kujiita huduma kwa wateja, mkatie.) Ripoti namba ya tapeli kwa meseji kwenda 15040. Usifute mazungumzo hata kama yanakutia aibu: piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na kiungo cha ukurasa, uende kituo cha polisi ufungue jalada na kupewa RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, ambayo mtandao au benki itakuomba.

Anayetishia kusambaza picha zako za faragha usimlipe, kwa kuwa malipo ya kwanza huzaa ya pili. Mfungie, tunza ushahidi, nenda Dawati la Jinsia na Watoto. Na akitokea mtu kwenye maoni anayedai anaweza kuirudisha hela yako kwa ada kidogo, huyo ni tapeli wa pili.

Kama aliyetumika ni ndugu aliyeporwa WhatsApp, mpigieni kwanza mwenyewe, kisha msimamizi aiondoe namba hiyo kwenye kundi mpaka athibitishe kwa simu ya kawaida kwamba ameirudisha akaunti yake.