Meno ya mbwa wa Oberkassel

Wanaoleta mbwa kliniki huniuliza mara kwa mara mbwa alianzaje kuishi na binadamu, na wengi huwa na jibu tayari: mbwa mwitu walifuata mabaki ya nyama kambini, waliokuwa wapole wakavumiliwa, wakazaliana, wakawa walinzi na wawindaji. Maelezo hayo yana nguvu, ila yanamfanya mbwa aonekane amepewa nafasi kwa sababu ya kazi tu. Mimi huanza na meno.

Mwaka 1914 wachimba mawe huko Oberkassel, karibu na Bonn nchini Ujerumani, walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke. Humo mlikuwa na mifupa ya mbwa pia. Kaburi hilo lina miaka 14,000 hivi, yaani wakati huo hakuna aliyekuwa akilima. Mwaka 2018 Luc Janssens, daktari wa mifugo aliyeingia kwenye akiolojia, alichapisha na wenzake uchunguzi wa meno ya mbwa huyo. Alikufa akiwa na miezi kama saba. Gamba gumu la nje la meno lilikuwa na mistari ya mlalo, pale jino liliposhindwa kujijenga vizuri. Distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mbwa, huacha alama kama hizo kwa mbwa mchanga ambaye meno ya ukubwani bado yanaumbika. Kwa kupima ilipo mistari, walikadiria kwamba aliugua tangu wiki ya 19 hivi, na ugonjwa ukamrudia kwa vipindi.

Sisi tunaotibu mbwa tunaujua ugonjwa huu. Macho na pua hutoa usaha, mnyama hutapika, huharisha, hugoma kula, na wengine huishia kwenye degedege. Dawa ya kuua virusi hivyo hatuna hadi leo. Kinachomvusha mgonjwa ni matunzo: kumnywesha maji kidogo kidogo, kumsafisha, kumtia joto, usiku na mchana. Mbwa wa Oberkassel aliishi wiki kadhaa katika hali hiyo. Hakuweza kuwinda wala kulinda. Kuna mtu aliyemhudumia, na alipokufa akazikwa pamoja na watu. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko nadharia zote za mabaki ya nyama.

Asili ya mbwa ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia. Mbwa mwitu wetu wenye mabaka, wa Serengeti na Selous, ni ukoo mwingine kabisa, na bweha naye hamo. Uchunguzi wa vinasaba vya mbwa mwitu 72 wa kale, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba mbwa wote wako karibu zaidi na mbwa mwitu wa kale wa mashariki mwa Asia na Siberia kuliko wale wa Ulaya. Lakini mbwa wa Mashariki ya Kati na Afrika wana damu ya ziada kutoka kwa mbwa mwitu wa upande wa magharibi. Damu hiyo, aliyo nayo pia basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka kama wenzake, kwa baadhi hufikia karibu nusu. Ama walifugwa mara mbili, ama mbwa waliokwisha kufugwa walichanganyika na mbwa mwitu njiani. Uwezo wa kusaga wanga, unaomwezesha mbwa kuishi kwa ugali, ulizidi baadaye, kilimo kilipoenea.

Nasisitiza hili la Afrika kwa sababu wengi huomba radhi wakileta mbwa wa kienyeji, wakidhani ni masalia ya mbwa wa wakoloni. Utafiti wa mwaka 2009 uliwapima mbwa wa vijijini Misri, Uganda na Namibia. Wa Uganda walikuwa wazawa kwa sehemu kubwa sana. Waliochanganyika mno na mbwa wa kizungu walikuwa wa Namibia ya kati. Mbwa wa kienyeji basi aletwe bila haya, na aletwe mapema: chanjo ya distempa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afikishe wiki 16.