Kufuli la tovuti halimtambui tapeli

Ukingojea feri Likoni hukosi kusikia: tovuti yenye alama ya kufuli ni salama, weka nywila tu. Imani hii ina asili yake, kwani zamani cheti kinachoipa tovuti kufuli hilo kilikuwa cha kulipia. Siku hizi hutolewa bure, hata tapeli anacho. Kufuli huonyesha kwamba maandishi yako yamefichwa yakiwa njiani. Anayeyapokea ni nani, halisemi. Kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo mwaka 2023.

Kagua anwani. Baada ya “https://” tafuta mkwaju (/) wa kwanza, kisha soma kutoka hapo ukirudi kushoto. Ikianza kwa jina la benki yako ikaishia jina jingine kabla ya mkwaju huo (mfano benkiyako.jinajingine.com/), hiyo si tovuti ya benki.