Mtandao wa jiji ni nini?

Karani wa Mtumba, mji wa Serikali pembeni ya Dodoma, akimtumia faili mwenzake wa chumba cha pili, faili hilo halitoki nje ya jengo. Linapita kwenye swichi ya ofisi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta, basi. Huo ni mtandao wa ndani, LAN. Akilituma kwa mwenzake aliye katikati ya Dodoma, umbali wa kilomita 17 hivi, hapo ndipo unapohitajika mtandao wa jiji, ambao vitabu huuita MAN: mtandao unaounganisha mitandao ya ndani ya majengo mengi katika eneo la jiji moja, kwa kawaida kilomita 5 hadi 50. Ukitoka Dodoma kwenda Mwanza au ng'ambo, hiyo ni WAN, mtandao wa eneo pana, na Mkongo wa Taifa, njia kuu ya mawasiliano inayounganisha mikoa, uko kwenye kundi hilo.

Vitabu vingi huishia kwenye kilomita. Mimi naona tofauti kubwa iko kwenye ardhi. Ndani ya uzio wako unachimba unapotaka. Nyaya za MAN zinavuka barabara, mitaro na viwanja vya watu, kwa hiyo vibali vinahitajika, na mara nyingi mwenye mtandao ni kampuni ya simu au taasisi ya umma. Benki, hospitali na ofisi hulipia kujiunga. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho majengo yake yametawanyika vilimani lakini ndani ya ardhi yake chenyewe, huhesabiwa kuwa na mtandao wa kampasi, si MAN.

Njia yenyewe siku hizi ni faiba, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, na juu yake inapita Ethaneti, utaratibu uleule wa kupitisha data wa ofisini, ulioongezewa nguvu. Mwaka 1990 kilitoka kiwango maalumu cha mitandao ya jiji, IEEE 802.6, cha taasisi ya wahandisi ya IEEE, lakini hakikushika. Ethaneti ilikuwa rahisi zaidi. Pale ambapo kuchimba ni shida (na Dodoma ina miamba ya kutosha) hutumika redio za maikrowevu: madishi mawili juu ya minara, yanayotazamana. Kilima kikikaa katikati, mawasiliano hakuna.

Faiba za jiji hupendelewa kupangwa kwa umbo la duara, kama barabara ya mzunguko inayolizunguka jiji. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kikikata waya upande mmoja, vifaa hugundua na kugeuza data ipite upande wa pili, na kwa mitambo mizuri hilo huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Mtumiaji hajui kitu. Fundi ndiye anayekwenda na mashine yake kuyeyusha ncha mbili za kioo hadi zishikane. Ila duara liwe duara kweli: pande zote mbili zikilazwa kwenye mtaro mmoja ili kubana gharama, kijiko kimoja kinazimaliza zote, na ule mchoro mzuri wa ukutani haukusaidii.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili. Nyumba ya mtaa wa Area C, Dodoma, na ofisi ya Mtumba zinaweza kuwa na intaneti za kampuni mbili tofauti. Kama kampuni hizo hazijaunganishwa hapahapa Dodoma, data kati yao husafiri hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, halafu inarudi. Muda si tatizo, kwani mwanga ndani ya kioo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Tatizo ni kwamba njia hiyo ndefu ina gharama, na ikikatika Morogoro bila njia mbadala, watu wa jiji moja hawapatani. Dawa yake ni kituo cha makutano: chumba chenye swichi ambako kila kampuni inaleta waya wake na data za wenyeji zinabadilishanwa palepale. Dar es Salaam inacho tangu 2004. Jiji linalojenga MAN na kusahau kituo hicho limelaza nyaya tu. Kila kampuni inabaki na wateja wake, na safari ya Dar es Salaam iko palepale.