Ua la kudumu, yaani nini?

Simama kwenye kitalu chochote cha kando ya barabara, Kampala au huku kwetu Arua, uulize bei ya mche. Muuzaji atakutajia bei, kisha ataongeza neno la kukulainisha: "Hili la kudumu." Wengi wetu tukilisikia hilo tunaelewa kwamba ua litachanua Januari hadi Desemba. Sivyo. Kudumu ni habari ya umri wa mmea. Kuchanua ni habari nyingine kabisa.

Mmea wa msimu huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa, yote hayo ndani ya msimu mmoja. Alizeti ni wa msimu, na zinia pia. Mmea wa kudumu huishi zaidi ya miaka miwili na huchanua tena na tena kutoka kwenye mizizi ileile. Kuna ya kudumu yenye mashina laini, kama kana, jebera na agapanthasi, ambayo hata majani yakikauka huchipua upya kutoka chini ya udongo. Na kuna vichaka, ambavyo mashina yake ni ya mti lakini hugawanyika karibu na ardhi: bogenvilia, haibiskasi, mwaridi.

Tatizo ni kwamba neno hili hugeuka maana likivuka bahari. Pakiti ya mbegu iliyotoka Uingereza ikisema "la kudumu", mara nyingi inamaanisha mmea unaostahimili theluji: unalala majira ya baridi na kuamka joto likirudi. Tulipu na pioni ni za kudumu za namna hiyo, na zinaihitaji baridi ile ndipo zichanue. Ukizipanda Arua zitakusikitisha tu. Upande wa pili kuna vinka, yale maua madogo ya waridi au meupe ambayo asili yake ni Madagaska. Ulaya wanaipanda kama ua la msimu kwa sababu baridi inaiua, lakini hapa inakaa miaka mbele ya duka, mizizi ndani ya ufa wa saruji, na hakuna anayeimwagilia. Kwa hiyo usisome pakiti peke yake. Uliza mmea unadumu wapi.

Sisi hatuna majira ya theluji. Majira yetu ya kulala ni kiangazi. Kampala mvua ni mbili, ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba, basi mimea hupumzika kidogo kidogo. Huku kaskazini mvua ni kama moja ndefu, na kuanzia Desemba hadi Februari jua linakausha kila kitu na vumbi linakaa juu ya majani. Mmea wa kudumu wa Arua lazima ujue kulala usingizi huo.

Mimi somo hili nililipata kwa aibu. Chini ya mwembe wetu kulikuwa na mmea ambao majani yake yaligeuka manjano, yakalala chini, yakaisha. Januari nikauchimba, nikakuta kitunguu kama cha jikoni, nikakitupa kwenye jalala nyuma ya nyumba. Aprili, baada ya mvua mbili tatu, Hajati jirani yetu akaniita uani. Juu ya jalala, kati ya maganda ya mihogo, palikuwa na bua moja lisilo na jani hata moja, na kichwani mwake mpira mwekundu uliozidi ngumi, umejaa nyuzi nyembamba zenye chavua ya njano nchani. "Mwanangu," akasema, "wewe umemzika mtu aliyelala." Mmea huo ni wa Afrika hii hii na unaota porini. Siku hizi nikiona kitu kimekauka kiangazi naweka kijiti pale, ili nisikose adabu tena. (Kitunguu chake kina sumu, kisichanganywe na cha jikoni.)

Sasa kuchagua. Mche ulio ndani ya kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kitaluni, unadanganya, maana kila kitu kidogo kinapendeza. Bogenvilia unayoibeba mkono mmoja leo itapanda ukuta na kufika juu ya paa usipoipogoa, na ina miiba. Ukiwa na nafasi ya kwenda Entebbe, tembea kwenye ile bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898. Utaona vichaka na miti ikiwa imefikia kimo chake, halafu utarudi nyumbani ukiupima ua wako kwa macho mengine. Tazama pia mahali unapoishi: haidrenjea inayostawi kwenye ubaridi wa Kabale itanyong'onyea kwenye jua la Arua.

Bogenvilia yenyewe ichungulie kwa karibu. Yale mekundu au zambarau tunayoyaita maua ni majani yaliyobadilika rangi. Maua halisi ni vile vijineli vidogo vyeupe katikati, kwa kawaida vitatu. Jambo la kuudhi ni kwamba ukiibembeleza kwa maji na samadi nyingi, inakupa majani mabichi tu. Ikishaota vizuri, iache iumwe kiu kidogo kwenye jua kali, nayo italipuka rangi. Wanaolalamika kwamba yao "imegoma" mara nyingi ndio wanaoimwagilia kila jioni.

Haibiskasi haina haja ya kununuliwa. Omba tawi kwa jirani, lenye unene wa penseli, urefu wa sentimeta 15 hadi 20. Kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota, ondoa majani ya chini, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini mvua inapoanza. Chukua matatu kwa sababu moja litakufa. Kana hata hilo halihitaji: chimba tunguu, lile shina nene la chini ya udongo, gawanya, kila kipande kiwe na jicho lake la kuchipua.

Ukihamisha mche, chana kiriba chote ukitoe. Nimeshachimbua vichaka vilivyodumaa miaka miwili nikakuta nailoni bado imekumbatia mizizi. Shimo liwe pana mara mbili ya kiriba, samadi iwe imeoza. Matandazo ya majani makavu yanasaidia sana kiangazi, lakini yaweke mbali kidogo na shina, la sivyo unawaandalia mchwa meza.

Kwenye nyumba yenye watoto mimi nisingepanda oleanda, ya waridi wala ile ya manjano, kwani sehemu zote zina sumu. Lantana nayo ni nzuri, ila huenea mpaka ikageuka magugu ya malisho.

Hajati ana kichaka kimoja karibu na mlango ambacho watu wanakiita "jana, leo na kesho". Ua hufunguka zambarau, siku ya pili linapauka, ya tatu ni jeupe, na yote matatu yanakaa tawi moja yakinukia. Kila mvua zikianza ananikatia tawi. Mawili yamekufa. La tatu, asubuhi hii, lina jani jipya lenye ukubwa wa ukucha.