"Imepimwa maabara": imepimwa nini?

Muuza dawa za mitishamba akishasema "hii imepimwa maabara", wanunuzi huridhika. Lakini kuna kupima kama dawa ina sumu au vijidudu, kuna kupima kama majani ni ya mmea ulioandikwa kwenye kopo, na kuna kupima kiasi cha kiambato hai, yaani ile kemikali ya mmea inayofanya kazi ya tiba. Cheti cha kipimo cha kwanza hakisemi lolote kuhusu cha tatu.

Namna ya kupima kiambato hai haina maajabu. Majani makavu husagwa, kemikali hutolewa kwa kimiminika kinachofaa, kisha mashine ya kromatografia huzitenganisha na kulinganisha na kemikali safi ya rejea. Jibu huja kwa asilimia ya uzito wa majani.

Asilimia hiyo ina maana kubwa. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake huko Beijing walipata artemisinini, kiambato cha kutibu malaria kilichomo kwenye mmea wa Artemisia annua, mwaka 1972, baada ya kuachana na kuchemsha majani na kutumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. (Nobeli ilimfikia 2015!) Ila Artemisia annua moja inaweza kuwa na chini ya 0.1% na nyingine ikavuka 1%, kutegemea mbegu, wakati wa kuvuna na ukaushaji. Nayo Artemisia afra, inayojiotea kwenye nyanda zetu za juu, karibu haina artemisinini kabisa. Sokoni zote huitwa artemisia.

Linaloniudhi zaidi ni asilimia kugeuzwa ushahidi wa kutibu. Kinachopimwa si lazima kiwe ndicho kinachotibu. Huko Ulaya, Hypericum perforatum hutumiwa kwa sonona. Kwa miaka mingi viwanda viliandika kwenye boksi 0.3% ya hiperisini, kemikali nyekundu ambayo ni rahisi kuipima kwa mwanga. Baadaye watafiti wengi wakaelekeza macho kwa hiperforini, kemikali nyingine ya mmea huohuo. Hiperisini ilibaki kuwa alama: inaonyesha kwamba mmea ndio wenyewe na kwamba bechi hii inafanana na iliyopita. Hilo si dogo, maana bila hilo hata majaribio kwa wagonjwa hayana msingi. Lakini kama dawa inatibu au haitibu, majaribio hayo ndiyo husema. Hata artemisinini, ambayo nguvu yake dhidi ya malaria haina ubishi, haikuinusuru chai ya majani yake: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono matumizi hayo, sababu mojawapo ikiwa kwamba kiasi cha dawa hubadilikabadilika na mara nyingi hakitoshi.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, cheti chako hatukikatai. Tuandikie tu kilichopimwa, kiasi kilichopatikana na namba ya bechi.