Mafua ya mzio ni nini, na utayatofautishaje na mafua ya kawaida?

Mafua ya mzio, ambayo wengi tunayaita aleji ya pua, hutokea pale kinga ya mwili inapopambana na kitu ambacho chenyewe hakina madhara. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na hupita kutoka mtu hadi mtu kwa mikono na kwa matone ya chafya. Mafua ya mzio hayaambukizi. Hukuyatoa kwa mtu, na hutampa mtu hata mkilala chumba kimoja. Kwenye pua ya mwenye mzio hakuna kirusi kinachohusika: kuna vumbi la nyumbani, chavua ya nyasi, ukungu wa ukutani, mabaki ya mende au vijipande vya ngozi ya paka, na kuna mwili ambao umeshavihesabu hivyo kuwa adui.

Kosa hilo la mwili ndilo linaloeleza dalili. Mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za ulinzi, za aina ya IgE dhidi ya, tuseme, utitiri wa vumbi, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mito na kula magamba ya ngozi yetu. Kingamwili hizo hukaa juu ya seli fulani ndani ya pua na macho, zikisubiri. Vumbi likiingia tena, seli hizo humwaga histamini ndani ya dakika chache. Histamini huwasha, huvimbisha na kutoa maji. Ndiyo maana mtu anafungua kabati la nguo za siku nyingi, na kabla hajatoa shati la kwanza ameshapiga chafya mfululizo, macho yanamwasha na pua inachuruzika maji meupe. Virusi vya mafua haviendi kasi hiyo. Kwa kawaida vikishaingia huchukua siku 1 hadi 3 kabla hujajisikia vibaya.

Ningeruhusiwa kumuuliza mgonjwa swali moja tu, ningemuuliza: unawashwa? Mzio huwasha pua, macho, koo, kaakaa, wakati mwingine hadi ndani ya masikio. Mafua ya kawaida huuma koo, huchosha mwili na kuziba pua, lakini macho kuwasha si tabia yake. Mtoto ambaye hajui kujieleza utamtambua kwa mkono wake: anasugua ncha ya pua kwa kiganja kuelekea juu, tena na tena, hadi baadhi yao hubaki na kimstari cha kulala juu ya pua. Wengine huwa na weusi chini ya macho na hulala mdomo wazi.

Baada ya hapo tazama kalenda. Mafua ya kawaida hupanda, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka, na kwa watu wengi yameisha ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kuchelewa kuondoka. Mzio haufuati mpangilio huo. Hukaa wiki hata miezi, au huja kila asubuhi unapoamka na kupungua ukishatoka nyumbani. Mtu anayesema "mimi nina mafua mwaka mzima" karibu kila mara hana mafua ya virusi. Jiulize tatizo linaanza wapi: ni ukifagia? Ukilala ugenini? Masika, kuta zinapoota ukungu? Miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na utitiri hupenda unyevu, kwa hiyo huko godoro hulaumiwa kwa haki. Nairobi wengi hulaumu mijakaranda inapochanua, lakini chavua ya mti huo hubebwa na nyuki kuliko upepo. Nyasi zinazochanua baada ya mvua ndizo za kushukiwa zaidi.

Rangi ya kamasi inapotosha watu kuliko dalili nyingine yoyote. Ni kweli kwamba kamasi ya mzio kwa kawaida ni nyepesi na haina rangi. Lakini kamasi ya njano au ya kijani haina maana kwamba sasa unahitaji antibiotiki. Rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu zinazofanya kazi yake, na huonekana hata kwenye mafua ya kawaida yanayokwenda kupona yenyewe. Inasikitisha kuona mtu akitoka duka la dawa na amoksisilini kwa ajili ya chafya. Dawa hiyo haigusi mzio, haigusi virusi, na kuitumia ovyo huwapa bakteria nafasi ya kuizoea.

Kuna pia pua inayochuruzika kwa hewa ya baridi, moshi wa mkaa, udi au manukato makali. Watu husema "nina aleji ya moshi", lakini mara nyingi huo si mzio kwa maana ya kitabibu, ni pua kuchokozwa tu, na dawa za mzio zinaweza zisikusaidie sana.

Joto la mwili likipanda, acha kufikiria mzio. Mzio hauleti homa. Homa ya ghafla yenye maumivu ya mwili na uchovu wa kukulaza kitandani inaweza kuwa mafua makali ya influenza au UVIKO-19, na kwenye maeneo yenye malaria kipimo cha malaria kifanywe siku hiyohiyo, pua iwe inachuruzika au la. Kikohozi kilichofika wiki 2, hasa chenye jasho la usiku na kupungua uzito, kipimwe kifua kikuu.

Mzio ukithibitika, vidonge vya setirizini au loratadini husaidia chafya na kuwashwa, na havilevyi usingizi kama klorofenilamini, ambayo dereva wa bodaboda hapaswi kuimeza akiwa kazini. Pua iliyoziba hujibu vizuri zaidi kwa dawa ya steroidi ya kupuliza puani, ila itumike kila siku, maana nguvu yake kamili huchukua siku kadhaa kuonekana. Matone ya kuzibua pua papo hapo yasizidi siku 5, kwani ukiendelea nayo pua huziba upya kwa sababu yake. Fua mashuka kwa maji ya moto, anika godoro na mito kwenye jua kali, na futa vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kulirusha kwa ufagio.

Ukihisi kifua kinabana au kinapiga miluzi, mwambie daktari. Mafua ya mzio na pumu mara nyingi hukaa kwa mtu mmoja, na katika familia zenye pumu au pumu ya ngozi mtoto mwenye pua ya kuwasha anastahili kupimwa mapema. Midomo au ulimi ukivimba na pumzi ikawa ngumu, nenda hospitali muda huohuo.