Ngoma ya Mauti katika kikanisa cha Beram

Nje kidogo ya kijiji cha Beram, katika rasi ya Istria nchini Kroatia, kuna kikanisa cha makaburini kinachoitwa Mtakatifu Maria wa Škrilinah. Ukikiona kwa nje unaweza kukipita. Ndani, kuta zimejaa picha 46. Maandishi ya Kilatini juu ya mlango wa pembeni yanataja aliyezichora, fundi Vincent wa Kastav, na waliomlipa: chama cha waumini wa Beram. Kazi ilikamilika Novemba 1474.

Wageni wengi huja kwa ajili ya picha moja, Ngoma ya Mauti. Watu wamepanga mstari, na kila mmoja kashikwa na kiunzi cha mifupa kinachompeleka. Papa yumo, na kardinali, askofu, mfalme, malkia. Kisha mwenye kilabu na pipa lake la mvinyo, mtoto mdogo, ombaomba kilema, askari aliyevaa deraya. Viunzi vingine vinapuliza ala kama wapiga ngoma wa harusini.

Mimi humtazama zaidi mfanyabiashara. Amesimama penye meza yake na anaonyesha fedha kwa kidole, kama mtu anayetaka kuelewana bei. Kiunzi kimeshamshika. Wanakijiji wengi wa wakati ule hawakujua kusoma, lakini biashara hiyo kila mtu aliielewa. Tangu tauni kubwa ya 1347 hadi 1351, Ulaya ilikuwa imezoea kuzika matajiri na mafukara wiki moja, na ngoma kama hii ilikwisha kuchorwa Paris, kwenye ukuta wa makaburi, mnamo 1424 na 1425. Ile ya Paris ilibomolewa katika karne ya 17. Ya Beram ipo.

Ipo kwa sababu ya chokaa. Katika ufundi huu wa kuchora ukutani rangi hupakwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Lipu inapokauka huvuta kabonidayoksaidi kutoka hewani, ikawa ngumu kama jiwe, na rangi ikanaswa humo. Baadaye picha zilifunikwa kwa lipu nyingine, zikasahaulika hadi 1913 zilipogunduliwa. Kufunikwa kuliziumiza na pia kuliziokoa. Kilichoniuma zaidi ni madirisha: katika karne ya 18 ukuta ulitobolewa ili mwanga uingie, na sehemu za picha zilizokuwa chini ya Ngoma, ikiwemo ile ya Adamu na Hawa, zikakatwa zisirudi tena.

Fundi Vincent alichagua vizuri mahali pa kuiweka Ngoma. Iko juu ya mlango mkuu, kwenye ukuta wa magharibi. Wakati wa misa watu waliipa mgongo, wakitazama altare. Misa ilipokwisha waligeuka, wakaiona yote, wakapita chini yake kwenda nje, kwenye makaburi ya ndugu zao.